HAKI YA BINTI JUU YA BABA YAKE: CHANJO YA SHULENI

Ijulikane ya kwamba mtoto ni amana, na aliyepewa amana ataulizwa. Katika haki za mtoto ni kukingwa na maradhi kabla hayajamfika.

Lamadi ni mji wa Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, kando ya Ziwa Viktoria, katika njia itokayo Mwanza kwenda Musoma. Huko, kama katika miji ya pwani, mabinti huchanjwa shuleni wakingwe na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo katika Tanzania huua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Chanjo hii ilienezwa nchini mwaka 2018 kwa mabinti wa miaka 14, kwa sindano mbili. Tangu Aprili 2024 ni sindano moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Na sindano moja ilikwisha kupimwa Mwanza, jirani na Lamadi, katika uchunguzi wa mabinti 930 ulioanza mwaka 2017. Waliopewa moja tu walionekana kuwa na kinga hata baada ya miaka miwili.

SUALA: Binti aliyelelewa kwa sitara ana haja gani na chanjo hii?

JAWABU: Saratani hii huletwa na kirusi kiambukizacho kwa kukutana mume na mke. Mwanamume hukichukua asihisi maumivu wala asione alama. Huenda binti asimjue mwanamume ila mumewe wa halali, na mume huyo akamletea alichokipata kabla ya ndoa. Basi sitara ya binti haimkingi na yaliyompitia mumewe. Na chanjo hutangulizwa utotoni kwa kuwa humkinga asiyeambukizwa, wala haimtibu aliyekwisha kuambukizwa.

SUALA: Je, hukata uzazi?

JAWABU: La. Mamilioni ya mabinti duniani wamechanjwa na kuchunguzwa, na jambo hilo halikuonekana. Kikatacho uzazi ni saratani yenyewe, kwani mara nyingi tiba yake ni kuondolewa kizazi. Adha ya sindano ni maumivu ya mkono, au homa ndogo, au kizunguzungu.

Wako pia wanaokwepa kwa kuogopa sindano tu. Hao na wapate ibra kwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Marka, pwani ya Somalia. Alikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu, na mwaka 1977 akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alipona, na baadaye akawahimiza wazazi wachanje watoto wao dhidi ya polio, hata alipofariki mwaka 2013.

Basi shule itoapo khabari ya siku ya chanjo, baba asiipime kwa uvumi wa barazani. Na amwulize tabibu ajuaye, kisha atimize haki ya bintiye kabla ya wakati kumpita.