Madhara ya Tiba ya Saratani Yanayochelewa: Somo kwa Zahanati na Kaya za Mbulu na Hanang

Mgonjwa wa saratani atokaye Mbulu au Hanang huitafuta tiba yake mbali. Huenda akaanzia Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ambako uvimbe huchunguzwa au kukatwa. Akihitaji tiba ya mionzi, hupelekwa Bugando jijini Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 700. Wengine hupewa dripu za tiba ya kemikali katika Hospitali ya KCMC, Moshi. Tiba ikiisha, hurudi kwa ndugu zake, hushukuru Mungu, huchukua jembe. Somo letu linaanzia hapo, kwa kuwa mengi yaliyoandikwa kuhusu saratani katika nchi yetu huishia siku hiyo ya kurudi.

Msomaji anayafahamu madhara ya mapema: nywele kunyonyoka, kutapika, vidonda vya kinywa, damu kupungua. Hayo hutokea kwa sababu dawa na mionzi huua seli zinazogawanyika upesi, ziwe za saratani au za mwili wenyewe, na mengi huisha ndani ya wiki au miezi. Madhara yanayochelewa yana asili nyingine. Mionzi huacha vimishipa vidogo vya damu vikiwa vimenenepa kuta zake na kuziba polepole. Tishu inayokosa damu hukakamaa kama kovu. Misuli ya moyo, ambayo seli zake karibu hazizaliwi upya, hubeba hasara yake kimyakimya mpaka siku kazi itakapouzidi nguvu. Kwa hiyo dalili huweza kuonekana mwaka mmoja, mitano, hata ishirini baada ya tiba, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena dripu zile.

Tuanze na saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania na ambayo kwa kawaida hutibiwa kwa mionzi ya nyonga, kutoka nje na kutoka ndani ya uke. Kibofu, utumbo mpana wa chini na mifupa ya nyonga vimekaa jirani na shingo ya kizazi, navyo hupata sehemu yao ya mionzi. Tuseme mama wa Maretadu, miaka mitatu baada ya kupona, anaanza kukojoa damu. Mhudumu wa zahanati, kwa haki kabisa, anafikiri kichocho na kumpa prazikwanteli. Damu inakoma kidogo, inarudi, naye anapewa tena. Mwezi mwingine damu inatoka katika haja kubwa pamoja na kamasi. Sasa inadhaniwa kuwa amiba, anapewa metronidazoli. Hakuna aliyekosea katika kufikiria magonjwa hayo, maana yapo. Kosa ni kurudia dawa ilhali hadubini haikuonyesha mayai wala vimelea, na ilhali hakuna aliyeuliza swali moja: mama, uliwahi kuchomwa mionzi?

Swali hilo hubadili kila kitu. Damu ya mkojo au ya haja kubwa kwa aliyepata mionzi ya nyonga huweza kutoka katika vimishipa dhaifu vya kibofu au utumbo vilivyoharibiwa na tiba. Huweza pia kuwa saratani iliyorudi. Kwa hiyo mgonjwa apewe rufaa, asitulizwe tu kwa maneno. Na barua ya rufaa ni lazima itaje mionzi, kwa sababu daktari atakayekata kipande cha ukuta wa utumbo uliokakamaa bila kujua habari hiyo anaweza kuacha tundu lisiloziba. Vivyo hivyo mwanamke anayevuja mkojo mfululizo: wengi wetu hufikiria fistula ya uzazi na kuuliza uchungu ulichukua siku ngapi. Fistula ya mionzi hufanana nayo kwa harufu na kwa aibu, lakini ukarabati wake ni mgumu zaidi, kwa kuwa tishu ya kushonea haina damu ya kutosha.

Lipo jambo linalosemwa kwa shida zaidi. Mionzi hukausha uke, huufanya usinyae na kuta zake kushikana, na ovari huacha kufanya kazi hata kwa mwanamke wa miaka thelathini. Hedhi hukoma, joto humpanda usiku, mifupa hupoteza nguvu, na tendo la ndoa huwa mateso. Mume asiyeelezwa hudhani amekataliwa. Katika wilaya hizi kuna kina mama ambao lugha yao ya moyoni ni Kiiraqw au Kidatooga, na mkalimani anayepatikana haraka mara nyingi ni mjukuu wa kiume aliyemsindikiza bibi yake. Mbele ya mjukuu huyo bibi atasema anaumwa kichwa. Muuguzi wa kike anayeijua lugha, mlango ukiwa umefungwa, ni kipimo kisichohitaji umeme. Upo msaada wa kumpa mama huyu: vilainishi, vifaa vya kuuzuia uke usizibe vinavyotumiwa mapema baada ya mionzi, na kwa baadhi ya wanawake homoni baada ya ushauri wa daktari. Maumivu makali ya nyonga yanayomjia ghafla akiinua ndoo huenda ni ufa katika mfupa uliodhoofishwa na mionzi, ingawa familia itaamini mara moja kwamba ugonjwa umerudi. Apigwe picha kabla ya kukatiwa tamaa.

Sasa watoto. Afrika Mashariki ina sehemu ya heshima katika historia ya kuponya saratani za utotoni: mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mjini Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto unaoitwa kwa jina lake, na miaka iliyofuata ilionekana kwamba dawa peke yake zaweza kuuyeyusha. Mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Leo baadhi ya watoto waliotibiwa saratani mbalimbali wamekuwa watu wazima, nao wameleta maswali yao. Miongoni mwa dawa zinazotumika ni doksorubisini, ambayo wagonjwa huiita dawa nyekundu kwa rangi yake. Dawa hii huumiza misuli ya moyo kwa kadiri jumla yake inavyoongezeka. Aliyepata miligramu 250 au zaidi kwa kila mita ya mraba ya mwili, au aliyechanganyiwa na mionzi ya kifua, huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Hatari inamkuta lini? Mara nyingi wakati moyo unapotwishwa mzigo mpya, na kwa binti mzigo huo ni ujauzito. Mjamzito anayehema kwa kupanda kilima cha kwao, anayevimba miguu na kushindwa kulala chali, huambiwa ni mimba au ni upungufu wa damu. Kliniki ya wajawazito ikimuuliza katika hudhurio la kwanza kama aliwahi kutibiwa saratani, apelekwe mapema kwenye ultrasaundi ya moyo na kupangiwa kujifungulia hospitali. Shinikizo la damu nalo lipimwe kila ahudhuriapo, kwa kuwa moyo uliokwisha kujeruhiwa hauvumilii shinikizo.

Neva na masikio tutayapitia kwa ufupi. Vinkristini, paklitakseli na sisplatini huweza kuacha ganzi ya vidole isiyoondoka. Mtu asiyehisi nyayo zake huchomwa na mwiba ndani ya makatambuga asijue, au huungua jikoni. Akague miguu kila jioni kama afanyavyo mgonjwa wa kisukari. Ikumbukwe kwamba dawa ya kuzuia kifua kikuu, isoniazidi, huleta ganzi ileile, na baadhi ya manusura wanaoishi na virusi vya UKIMWI huipata. Sisplatini huua pia usikivu wa sauti nyembamba. Mtoto wa namna hiyo hukaa nyuma ya darasa na kuitwa mkaidi.

Mwanamke aliyeondolewa titi pamoja na tezi za kwapa huweza kuvimba mkono wa upande ule miaka mingi baadaye. Mazoezi ya taratibu humfaa. Kumkataza kazi zote, kama tufanyavyo kwa huruma, humdhoofisha. Linalodhuru zaidi ni michubuko inayoingiza vijidudu, basi avae glovu akikata kuni, na mkono ukiwa mwekundu wenye joto na homa aanze antibayotiki siku ileile.

Haya yote hayawezekani bila karatasi. Maporomoko ya tope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 hadi Katesh na vijiji jirani yalisomba nyumba nzima, na nyumba ikisombwa, kadi za hospitali husombwa nayo. Nakala moja iliyohifadhiwa sandukuni haitoshi. Kabla ya kuondoka kituo cha tiba, manusura aombe muhtasari wa ukurasa mmoja: aina ya saratani na mwaka, majina ya dawa na jumla ya kila dozi, sehemu ya mwili iliyopigwa mionzi na kiasi chake, upasuaji uliofanyika. Nakala ya pili ikae zahanatini katika faili lake, ya tatu ipigwe picha na kuhifadhiwa katika simu ya ndugu anayeishi mbali na kijiji. Aliyepigwa mionzi ya taya au shingo auonyeshe muhtasari huo kwa mganga wa meno kabla ya jino lolote kung'olewa, kwa sababu mfupa wa taya uliopata mionzi huweza kushindwa kupona pengo hilo, ukaoza, hata kama ni miaka kumi imepita.