SOMO LA WIKI: Dinari ya Roma ilivyobaki jina

Katika Kiswahili neno fedha lina maana mbili: pesa na madini ya sonara. Kwa Warumi wa zamani vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja, na namna vilivyotengana ni somo kwa kila anayeweka akiba.

Dinari ilianza kupigwa mnamo mwaka 211 K.K., Roma ikiwa vitani na Hannibal. Ilikuwa ya fedha karibu safi, yenye uzito wa gramu 4.5 hivi. Wakati wa Augustus, ratili ya Kirumi ya dhahabu ilipigwa sarafu 40, na kila moja ilikuwa sawa na dinari 25. Kwa hiyo ratili ya dhahabu ilikuwa dinari 1,000. Tuikumbuke hesabu hiyo.

Mwaka 64 B.K. Nero alipunguza uzito wa dinari na kuongeza shaba. Raia alilazimika kuipokea, lakini mgeni hakulazimika. Huko India ya kusini, ambako Warumi walinunua pilipili, hazina zilizofukuliwa zina dinari nyingi za Augustus na Tiberius. Zile za baada ya Nero ni chache.

Walioingia madarakani baadaye walikuwa na majeshi ya kulipa. Kufikia mwaka 194, chini ya Septimius Severus, fedha ndani ya dinari ilikuwa kama nusu tu. Mwaka 215 Caracalla alitoa sarafu iliyohesabiwa kuwa dinari mbili, huku ikiwa na fedha ya dinari moja na nusu. Yaani kwa fedha ya kulipia dinari tatu, serikali sasa ililipa nne! Wenye sarafu za zamani walizificha, wakatumia mpya. Kufikia mwaka 270 fedha haikufika hata asilimia 5. Ilikuwa shaba iliyopakwa rangi.

Misri ilikuwa na sarafu zake, nazo zilichakachuliwa vilevile. Mwaka 260 mjini Oxyrhynchus wabadilishaji fedha walifunga maduka wakikataa sarafu za watawala. Mkuu wa wilaya aliwaamuru wafungue na kupokea zote, isipokuwa za bandia. Mfanyabiashara hafungi duka bila sababu.

Mwaka 301 Diocletian alitangaza bei za juu kabisa kwa bidhaa zaidi ya elfu moja, na adhabu ilikuwa kifo. Bidhaa zikatoweka sokoni. Katika tangazo hilo ratili ya dhahabu ni dinari 72,000.

Constantine ndiye aliyeleta sarafu iliyoaminika, solidus ya dhahabu, ambayo ilidumu kwa takriban miaka 700. Dinari ilibaki jina. Waingereza waliandika peni kwa herufi d hadi mwaka 1971. Dinari moja ya Kuwait leo inanunua zaidi ya dola tatu za Marekani, wakati dola moja inahitaji zaidi ya dinari elfu moja za Iraki. Na ule mstari wa mshazari tunaouweka kwenye bei, 500/=, wapiga chapa wa Kiingereza bado wanauita solidus.