Dondoo muhimu: Mlo baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Upasuaji wa kupunguza tumbo huondoa takribani robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi. Sahani ya zamani haiingii tena.

Hatua kwa hatua. Mgonjwa huanza na supu iliyochujwa, kisha vyakula vilivyosagwa, halafu laini kama mayai na samaki wa kuchemsha. Mlo wa kawaida hurudi baada ya wiki 6 hadi 8 hivi.

Protini kwanza. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku: samaki, kuku, mtindi, maharage. Ugali na wali hufuata, nafasi ikibaki.

Maji kidogo kidogo. Hunywewa kati ya milo, angalau nusu saa baada ya kula.

Sukari. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa aina nyingine, wa kuunganisha mfuko wa chakula na utumbo (gastric bypass), akinywa soda au juisi ya miwa, sukari huingia utumboni upesi mno. Moyo hudunda, jasho humtoka, tumbo huharisha.

Vidonge vya kila siku. Vitamini B12 na D, madini ya chuma na kalsiamu ni vya maisha yote. Chuma na kalsiamu vipishane saa 2. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac huweza kuleta vidonda vya tumbo. Daktari aulizwe kwanza.

Nywele na mimba. Nywele zikipukutika miezi ya mwanzo, kwa kawaida huota tena. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18.

Hospitali mara moja: homa, maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, kupumua kwa shida au mguu mmoja kuvimba.