Kuchagua Simu Janja na Kuitumia kwa Uangalifu



Katika vikundi vya kuweka na kukopa vya Kitanga na maeneo mengine ya Kasulu na Kibondo, swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: "Tununue simu gani?" Ni swali zuri na tutalijibu katika somo hili. Hata hivyo tunaomba tuanze na swali jingine ambalo watu hawaliulizi sana: laini iliyomo ndani ya simu hiyo imesajiliwa kwa jina la nani? Simu ikivunjika utanunua nyingine. Lakini laini ikiwa ya mtu mwingine, fedha zako nazo ziko chini ya kidole cha mtu mwingine.

Laini ni ya nani?

Wengi wetu tunakumbuka jinsi fedha zilivyotumwa zamani. Kijana aliyeko Dar es Salaam alimkabidhi dereva wa basi bahasha, na mzazi alisubiri stendi ya Kasulu mpaka basi lifike, kama lingefika siku hiyo. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008. Baadaye zikaja Tigo Pesa (ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas), Airtel Money na Halopesa. Tangu hapo simu imekuwa sanduku la fedha la kaya nyingi ambazo hazijawahi kufungua akaunti benki.

Lakini fedha hizo hazikai ndani ya simu, wala ndani ya kile kipande kidogo cha laini. Ziko katika akaunti kwenye kampuni ya simu, na akaunti hiyo inafuata namba. Namba nayo inamfuata mtu aliyeisajili.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019, na laini zisizosajiliwa kwa njia hiyo zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Ili kusajili ulihitaji namba ya kitambulisho cha taifa, yaani namba ya NIDA. Sisi wa mkoa wa Kigoma tunajua ugumu wake. Kwa kuwa tuko mpakani, uhakiki wa uraia huchukua muda, na wengi walikuwa bado hawajapata namba siku ya mwisho ilipokaribia. Basi watu walifanya lililowezekana. Mume alimsajilia mke, mjomba aliwasajilia wapwa, jirani alimsaidia jirani. Ilikuwa huruma, wala hatumlaumu mtu. Shida ni kwamba laini nyingi zimebaki hivyo hivyo hadi leo.

Chukua mfano wa mama anayelima maharage na ambaye laini yake iko kwa jina la shemeji. Shemeji amehamia Mpanda. Mama anauza magunia manne, mnunuzi anamtumia fedha kwa simu, na kesho yake simu inadondoka mtoni. Anakwenda kwa wakala kurudisha laini, anaweka kidole, kidole kinakataliwa. Anayetakiwa kuweka kidole ni shemeji. Kama shemeji ana nafasi na moyo mzuri, ataingia duka la huko aliko na kusaidia. Kama amefariki, suala linakuwa la mirathi. Na kama ni mtu mwenye tamaa, anaweza kuirudisha laini hiyo kwa kidole chake mwenyewe hata kabla simu haijapotea, na ile iliyo mkononi mwa mama ikazima ghafla.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria simu, piga *106# uhakiki usajili. Utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la kampuni husika uifunge, kwa maana lolote litakalofanywa kwa namba hiyo litaanza kutafutwa kwako. Na kama wewe ndiye uliyesajiliwa na mtu, na sasa umeshapata namba ya NIDA, mwombe mwende pamoja dukani mbadilishe jina. Fanyeni hivyo akiwa hai, akiwa karibu, na mkiwa mnaelewana.

Kwa vikundi jambo hili ni zito zaidi. Mara nyingi akiba ya wanachama 25 imo katika laini binafsi ya mhazini. Zipo huduma zilizotengenezwa kwa ajili ya vikundi, kama M-Koba iliyoanzishwa mwaka 2019 na Vodacom pamoja na Benki ya TPB (sasa TCB), ambapo fedha hazitoki kwa idhini ya mtu mmoja. Huduma hiyo haihitaji simu janja. Katika mkutano wenu ujao zungumzeni: mhazini wetu akiugua leo, nani anaweza kuzifikia fedha zetu? Na je, yuko mtu anayeweza kuzifikia bila sisi kujua?

Je, unahitaji simu janja?

Tuseme wazi: kwa kutuma na kupokea fedha huihitaji. Simu ya tochi ya bei nafuu inapiga *150*00# au *150*60# sawasawa na simu ya laki tano. Inakaa na chaji siku kadhaa, jambo lenye maana kwa mtu anayelipa kila anapopeleka simu kuchajiwa kwenye kibanda cha sola. Nyingi pia zina redio ndani yake, na kusikiliza Radio Kwizera kwa simu ya tochi hakuli bando hata kidogo.

Simu janja ina faida pale ambapo kuna kazi ya kuipa. Unaweza kupiga picha jani la mhogo lenye michirizi na kumtumia bwana shamba badala ya kumweleza kwa maneno. Katibu wa kikundi anaweza kupiga picha ukurasa wa daftari baada ya kila mkutano na kuituma kwa wenzake, na hiyo peke yake imemaliza ugomvi mwingi. Mzazi anaweza kuangalia matokeo ya mtihani ya mwanawe, au mwanafunzi kufuatilia maombi ya mkopo wa chuo, bila kulipa nauli ya kwenda mjini. Kama kazi za namna hii zipo, nunua. Kama hazipo, fedha hiyo inatosha mbegu na mbolea.

Ushauri wetu kwa wengi ni kuwa na zote mbili: laini yenye fedha ikae kwenye simu ya tochi nyumbani, na simu janja iwe na laini nyingine ya intaneti. Mwizi akiinyakua simu janja sokoni hatakuwa amenyakua sanduku.

Unapokuwa dukani

Usianze na kamera, ingawa muuzaji ataanza nayo. Anza na mtandao: ni kampuni gani inashika vizuri nyumbani kwako na shambani kwako? Hakikisha simu inapokea 4G na ina nafasi ya laini mbili. Sisi tulio karibu na Burundi tuna jambo la ziada. Simu inaweza kudaka mtandao wa ng'ambo na ukatozwa gharama za nje ya nchi. Fungua mipangilio, uchague mtandao wa Tanzania mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague.

Halafu angalia toleo la Android. Programu huacha kufanya kazi kwenye simu za zamani: WhatsApp, kwa mfano, iliachana na simu za Android 4.4 mwanzoni mwa mwaka 2025. Simu ya zamani inayouzwa kwa bei ya kutupa huenda inatupwa kweli. Kuhusu kumbukumbu, yaani RAM, chini ya GB 2 utasumbuka, na nafasi ya kuhifadhi iwe GB 32 au zaidi. Betri yenye namba 5,000 itakufikisha jioni. Uliza pia kama fundi wa Kasulu au Kibondo mjini anapata kioo cha aina hiyo, na kwa bei gani. Kioo huvunjika kuliko kitu kingine chochote, na kuna simu ambazo kioo chake hakipatikani mpaka Mwanza au Dar es Salaam.

Jambo la kutoruka ni kuhakiki kama simu ni halisi. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na watu walilala na simu wakaamka na kipande cha plastiki. Piga *#06# hapo hapo dukani. Itatokea namba ya tarakimu 15 inayoitwa IMEI. Itume kwenda 15090, nawe utajibiwa aina ya simu. Jibu likitaja aina tofauti na ile uliyoishika, rudisha simu kwa muuzaji ukaage.

Kwa simu iliyotumika, dai risiti na boksi, na mwache muuzaji aifute mbele yako kisha aiwashe upya. Ikiomba akaunti ya Google ya mmiliki wa kwanza na muuzaji hana neno la siri, basi ama aliibiwa mtu au itakufungia wewe.

Siku hizi zipo pia simu za mkopo. Unatoa kianzio, kisha unalipa kila siku, na usipolipa simu inajifunga. Piga hesabu kabla ya kusaini. Kianzio cha shilingi 50,000 na shilingi 1,000 kwa siku kwa mwaka mmoja ni shilingi 415,000. Bei ya taslimu ya simu hiyo hiyo ni kiasi gani? Na swali kubwa zaidi kwa mkulima: shilingi 1,000 ya kila siku itatoka wapi kati ya kupanda na kuvuna? Mpango huu unamfaa mwenye bodaboda au mama lishe, ambao wanashika fedha kila siku. Fedha ya maharage haiji kila siku.

Ujumbe usioutarajia

"Ile pesa tuma kwenye namba hii." Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajaupata ujumbe huu au ndugu zake: mwalimu anayesema mtoto ameanguka shuleni, mganga, kampuni inayokupa zawadi ya shindano ambalo hukucheza. Watu hucheka na kujiuliza nani anaweza kudanganyika. Tapeli hahitaji kukudanganya wewe. Ujumbe umekwenda kwa watu wengi mno, na kati yao yuko mmoja ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa akizungumza na mwanawe juu ya karo. Huyo haoni ajabu yoyote, anatuma.

Kinga ni tabia moja: usitume fedha kwa namba mpya kabla ya kumpigia mtu kwa namba yake ya zamani na kusikia sauti yake. Na mtu akikuambia amekutumia fedha kimakosa, usiangalie ujumbe, angalia salio lako kupitia menyu. Ujumbe huandikwa na yeyote. Kama fedha zimeingia kweli, mwambie aliyetuma apige 100, kampuni izirudishe kwa utaratibu wake. Usimrudishie mwenyewe. Namba ya siri haombwi na mfanyakazi yeyote wa kampuni ya simu, hata awe na sauti nzuri namna gani. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenda 15040, kisha utume namba ya tapeli ukiulizwa.

Wazee wetu wengi humpa kijana simu awatolee fedha na kumtajia namba ya siri kwa sauti mbele ya foleni. Tusiwakemee. Tuwafundishe taratibu, mara tatu au nne, mpaka vidole vizoee.

Mikopo ya mtandaoni

Hapa tunaomba vijana wasome mara mbili. Zipo programu zinazotoa mkopo ndani ya dakika chache bila dhamana. Unapoiweka kwenye simu inaomba ruhusa ya kusoma orodha yako ya majina, nawe unabonyeza kukubali bila kusoma. Dhamana ndiyo hiyo. Ukichelewa kulipa, ujumbe unakwenda kwa mchungaji wako, kwa shehe, kwa mama mkwe, kwa mwalimu mkuu, kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, ikawaonya wananchi wasizitumie. Nyingine zaweza kuzaliwa kwa majina mapya, hivyo kutokuwemo kwenye orodha hiyo si ushahidi wa usalama. Tazama kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na ukikuta anataka kusoma majina ya watu wako, kataa. Kikundi chako cha kuweka na kukopa kinakujua, na kitakusikiliza ukieleza kwamba mvua zilichelewa.

Picha na maneno

Kwa ufupi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa hata anayesambaza, si aliyetunga peke yake. Na kuna ajali hutokea barabarani, picha za marehemu zikafika kwenye kundi la WhatsApp kabla ya msiba kufika nyumbani kwake. Anayezipokea picha hizo anaweza kuwa mtoto wake.

Simu ikipotea

Azima simu ya jirani, piga 100 kwa kampuni yako, uombe laini ifungwe mara moja. Usingoje mpaka asubuhi. Kisha pata taarifa ya upotevu polisi, uende na kitambulisho kurudisha laini kwa kidole chako. Namba ya IMEI itasaidia kuitafuta na kuifungia simu yenyewe, kwa hiyo iandike leo kwenye daftari la nyumbani. Ukiihifadhi ndani ya simu itapotea pamoja nayo.