Mwili Unaposema Hapana: Mwongozo kwa Aliyeumizwa Utotoni

Wapo watu wazima wanaochapa kazi, wanaolea na kuongoza wengine, huku wamebeba maumivu ya utotoni ambayo hawajawahi kumwambia mtu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Takribani robo tatu ya watoto, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa na ndugu, mtu mwenye mamlaka juu yao au mpenzi. Utafiti wa aina hiyo nchini Kenya mwaka 2010 ulikuta ukatili wa kingono uliwapata asilimia 32 ya wasichana na asilimia 18 ya wavulana.

Mtoto aliyeumizwa hujifunza kwamba mwili wake si wake: mwingine anaweza kuushika, kuuchapa au kuutumia, na yeye kazi yake ni kunyamaza. Somo hilo linaweza kufutwa. Mwongozo huu ni wa aliyeumizwa, na pia wa mwenzi, mzazi au rafiki anayeishi naye.

Kwa nini mwili hausahau

Mtu anapohisi hatari, ubongo huamuru homoni kama adrenalini na kotisoli zimwagike mwilini. Moyo hudunda, misuli hukaza, pumzi hukatika. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Yote mawili yakishindikana, mwili huganda: sauti haitoki, miguu haiendi. Mtoto hawezi kupigana na mtu mzima, wala hana pa kumkimbia anayemlisha, ndiyo maana wengi huganda. Ukubwani hujilaumu: “Mbona sikupiga kelele?” Kuganda si kukubali. Kosa ni la aliyetenda.

Hatari ikijirudia, mwili hubaki macho hata baada ya miaka mingi. Harufu ya manukato fulani, mlio wa mkanda unaochomolewa kwenye suruali, au nyayo zinazokaribia mlango usiku, vyote vinaweza kuurudisha kule kule. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1998, ukiongozwa na Vincent Felitti na Robert Anda, ulionyesha kuwa kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso utotoni, ndivyo uwezekano wa kupata sonona, ulevi na hata maradhi ya moyo ulivyoongezeka. Kuongezeka kwa uwezekano hakumaanishi ni lazima uugue.

Dalili za kuangalia

- Kushtuka kupita kiasi ukiguswa ghafla au ukisikia sauti kubwa.
- Ndoto za kutisha, usingizi wa mang’amung’amu, au kuogopa kulala gizani.
- Kujihisi kama uko nje ya mwili wako, hasa wakati wa tendo la ndoa au unapopimwa hospitalini.
- Kukubali kila unachoombwa, kisha kubaki na hasira au kujichukia.
- Kumkwepa kila anayekusogelea, hata unayempenda.
- Kunywa pombe au kutumia dawa ili usikumbuke.

Dalili moja peke yake haithibitishi kwamba uliumizwa utotoni. Lakini zikikuvurugia kazi, usingizi au ndoa, zinastahili kushughulikiwa.

Anza kwa kuutuliza mwili

Kabla ya kusimulia yaliyopita, mwili unahitaji kujua kwamba leo uko salama. Hofu ikipanda, kaa, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili na uvute pumzi polepole kupitia puani. Itoe taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, maana pumzi ndefu ya kutoa huushusha mwendo wa moyo. Kisha taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa na kimoja unachokionja. Jiambie kwa sauti: “Leo ni Jumanne, niko nyumbani kwangu, mimi ni mtu mzima.”

Fanya zoezi hili hata siku ambazo umetulia, ili mwili uwe umelizoea siku ya taabu. Na usikubali mtu akulazimishe kusimulia kila kitu kwa siku moja eti “utoe yote moyoni”. Simulizi ina wakati wake, na mwenye kuamua ni wewe.

Jifunze upya kusema hapana

Anza na mambo madogo ambayo hayana gharama kubwa: kukataa kuongezewa chakula ukiwa umeshiba, au kumwambia jirani kwamba leo huna nafasi. Angalia mwili unavyojibu. Tumbo likijikunja, koo likikaza au mabega yakipanda, huo ni ujumbe. Usikilize kabla hujajibu “sawa”. Ukihitaji muda, sema: “Nipe nafasi nifikirie, nitakujibu.”

Kisha sogea kwenye mambo ya mwili wenyewe. Kwenye daladala, konda akikusukuma mgongoni, mwambie: “Kaka, nitasogea mwenyewe, usinishike.” Saluni, mwambie msusi akuarifu kabla ya kukushika shingoni.

Hospitalini ndipo wengi hushindwa, hasa kwenye vipimo vya uzazi. Wapo wanaokwepa kupimwa saratani ya shingo ya kizazi kwa miaka kwa sababu hii. Kabla ya kupanda kitandani, mwambie muuguzi: “Dada, naogopa kipimo hiki. Naomba uniambie kila hatua kabla hujanigusa, na nikisema simama, usimame.” Si lazima ueleze sababu. Una haki pia ya kuomba mhudumu wa jinsia unayoiamini awepo, au uingie na ndugu yako.

Kwa wanandoa, zungumzeni mkiwa mmetulia, mbali na kitanda. Mweleze mwenzio mguso upi unakutuliza na upi unakushtua, mkubaliane neno moja ambalo likitamkwa kila kitu kinasimama. Wewe mwenzi, usilichukulie kama kukataliwa. Uliza kwanza, subiri jibu, na ukiona ameganda, acha, hata kama hajasema neno.

Shinikizo la ukoo

Mara nyingi aliyeumiza ni mtu wa nyumbani, na jambo likifika kwenye kikao cha ukoo, aliyeumizwa huambiwa yaliyopita si ndwele, asivunje undugu. Kusamehe ni hiari na kuna wakati wake. Hata aliyesamehe halazimiki kulala nyumba moja na aliyemuumiza, kumtembelea sikukuu, wala kumwachia watoto.

Walinde watoto wa leo

Adabu na mipaka ya mwili vinakaa pamoja. Mtoto anaweza kumwamkia mjomba “shikamoo” kwa heshima zote bila kulazimishwa kumkumbatia au kumkalia mapajani. Mgeni akisisitiza, mzazi amsaidie: “Mjomba, leo atakuamkia tu.” Mfundishe mtoto majina halisi ya sehemu zake za siri, na umwambie kwamba hakuna siri ya kuguswa ambayo mama au baba hapaswi kuijua. Akikueleza jambo, mwambie maneno haya: “Nakuamini. Si kosa lako. Umefanya vyema kuniambia.”

Ukatili ukiwa umetokea karibuni, mfikisheni hospitalini ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Asiogeshwe kabla ya kupimwa, na nguo zake ziwekwe kwenye karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki. Matibabu ya kuokoa maisha yasisubiri polisi.

Wapi pa kupata msaada

Tanzania na Kenya, namba 116 ni ya bure kwa masuala ya watoto. Kenya pia ina 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Tanzania yapo madawati ya jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi, maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na vituo vya Mkono kwa Mkono katika baadhi ya hospitali, ambako matibabu, ushauri na polisi hupatikana mahali pamoja. Mtu mzima aulizie kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu. Ukiwa na mawazo ya kujiua, nenda hospitali leo hii, na usiende peke yako.

Tiba ipo na inafanya kazi hata mahali pasipo na madaktari bingwa. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2020, watu wa kawaida waliopewa mafunzo waliwashauri watoto waliofiwa na wazazi huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya. Tiba ilipomalizika, katika maeneo matatu kati ya manne yaliyochunguzwa, watoto hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida.

Ndugu msomaji, kama habari hii ni yako, chagua mtu mmoja unayemwamini, umwambie sentensi moja tu: “Kuna jambo lilinipata utotoni, nahitaji msaada.” Na kama wewe ndiye unayeambiwa, msikilize na umwamini, kisha umsindikize.