SOMO: ZIWA LIKAUKAPO, MKULIMA AJIFUNZE NINI?

Fuata pamoja nasi safari ya kutoka Dodoma kwenda magharibi katika mwezi wa Oktoba, baada ya mwaka wa mvua haba. Njiani utaona mibuyu isiyo na majani, mabua ya mtama yaliyoliwa na ng'ombe hata shinani, na wanawake wakifukua mchanga wa korongo ili wapate maji ya kunywa. Ukifika Bahi utaulizia ziwa Sulunga, nawe utaonyeshwa nchi tambarare ya udongo uliopasukapasuka. Mwaka wa mvua njema watu huvua samaki hapo, na kandokando hulima mpunga. Mwaka wa ukame mtumbwi hulala juu ya nchi kavu.

KWA NINI ZIWA HUKAUKA

Sulunga halina mto utokao. Maji yake huletwa hasa na mto Bubu, nayo huondolewa na jua na upepo. Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Lakini jua laweza kukausha maji yaliyo wazi zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Basi ziwa lenye kina kifupi halina budi kukauka mvua ikipungua. Jambo hilo si kosa la mtu.

Lakini liko jambo la pili, nalo latuhusu sisi. Bubu hupita nchi ya Kondoa, ambako vilima vilivuliwa miti na majani hata makorongo yakala mashamba. Udongo uliochukuliwa na maji haukupotea: ulishuka mabondeni, ukajaza mito mchanga. Mwaka 1973 ilianzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika. Agizo hilo lilikuwa zito kwa wenye ng'ombe. Hata hivyo majani na vichaka vikarudi, na baadaye watu wakafuga ng'ombe wa maziwa zizini. Ni heri kuzuia mapema, kabla ya kufikiwa na agizo la namna hiyo.

HESABU YA MAJI YA SHAMBANI

Mvua moja ya milimita 25 humwaga juu ya eka moja lita 100,000 hivi, yaani madebe 5,000 ya lita 20. Nusu yake ikitiririka, umepoteza madebe 2,500, na udongo wenye rutuba pamoja nayo. Hakuna mtu awezaye kuyarudisha kwa kichwa.

YAPASA KUFANYA HAYA

1. Lima matuta ya kukingama na mteremko, wala usiyaelekeze bondeni. Kila baada ya hatua chache unganisha matuta kwa kituta kidogo, maji yatuame na kuzama.

2. Panda mtama na uwele kwanza. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa maua hayazai. Mtama waweza kungoja mvua, kisha ukaendelea kukua.

3. Tia samadi. Udongo wenye samadi hushika maji.

4. Usilime kando ya korongo; acha majani yaote.

5. Weka akiba ghalani. Wagogo hawajasahau njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Vita vilikuwa vimechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kazi. Mvua ilipokosekana, nyumba nyingi hazikuwa na kitu cha kushika. Ukame huja wenyewe, lakini ghala tupu huugeuza kuwa njaa.

MASWALI

1. Mvua ya milimita 50 huleta madebe mangapi katika eka moja?

2. Maji ya shamba lako hukimbilia wapi, nayo huchukua nini?

3. Mvua ya mwaka ujao ikikosekana, ghala lako litakulisha miezi mingapi?