Mashine ya Kupima Sukari Inaponyamaza: Somo kwa Wagonjwa na Wahudumu wa Afya wa Bahi

Mashine ndogo ya kupimia sukari ya damu imempa mtu mwenye kisukari uwezo ambao zamani ulikuwa wa maabara pekee. Tone moja la damu kutoka kidoleni, sekunde chache za kusubiri, na namba huonekana. Kwa mtu anayejidunga insulini, namba hiyo huamua mengi: ale kiasi gani kabla ya kwenda shambani, adunge uniti ngapi, alale au ale kwanza. Ndiyo maana siku mashine inaponyamaza, wengi huangukia katika moja ya makosa mawili. Wapo wanaoacha dawa kabisa kwa hofu ya kushusha sukari, na wapo wanaoongeza dozi kwa kukisia, kwa sababu tu mwili unahisi mzito. Makosa yote mawili yanaweza kuua, la kwanza kwa siku kadhaa na la pili kwa saa chache.

Katika Wilaya ya Bahi, magharibi ya jiji la Dodoma, kukosa mashine si jambo la ajabu. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayoitangulia huwa na joto kali. Vitepe vya kupimia, ambavyo wengi huviita stripu, kwa kawaida hutakiwa kuhifadhiwa mahali pasipozidi nyuzijoto 30, na mashine nyingi hukataa kufanya kazi joto likipita 40. Chumba chenye paa la bati lisilo na dari hufikia hapo mchana bila shida. Mvua zikianza, maji ya Mto Bubu huteremka kuelekea kwenye bonde oevu la Bahi, na safari ya kufuata betri au vitepe, ambayo jana ilikuwa ya saa moja, huweza kuwa ya siku nzima. Msimu huohuo ndio wa jembe. Chakula kilichobaki ghalani ni kidogo na kazi ni nyingi: hali inayoshusha sukari kuliko nyingine yoyote.

Kabla ya kusema mashine imekufa

Mashine nyingi zinazopelekwa kliniki kwa madai ya kuharibika huwa nzima. Kioo kikionyesha herufi HI, hiyo si salamu wala hitilafu. Maana yake ni kwamba sukari imepanda kupita kiwango ambacho mashine inaweza kukihesabu, na kwa mashine nyingi kiwango hicho ni milimoli 33.3 kwa lita. Herufi LO nazo huonyesha kwamba sukari imeshuka chini mno. Yote mawili ni dharura. Mgonjwa aliyeona HI akairudisha mashine kabatini akisubiri fundi amepoteza muda wa thamani.

Mashine iliyopata joto iwekwe kivulini, mbali na jiko na dirisha, kwa nusu saa kisha ijaribiwe tena. Betri zake nyingi ni zile za duara kama za saa, na inafaa kuwa na moja ya akiba. Vitepe vikae ndani ya kichupa chao chenye kifuniko kilichobana. Vikihamishiwa kwenye bahasha au mfuko wa nailoni hunyonya unyevu na kutoa namba za uongo. Vidole navyo vioshwe. Mtu aliyetoka kumenya embe au kumumunya ubuyu wenye sukari anaweza kupata namba ya kutisha ambayo haimo mwilini mwake. Maji yakiwa haba, tone la kwanza la damu lifutwe kwa pamba safi na la pili ndilo lipimwe.

Upungufu hauwapigi wote sawa

Mtu mwenye kisukari cha aina ya pili anayetumia metformin peke yake hapotezi mengi akikaa wiki kadhaa bila mashine. Dawa hiyo ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, na kipimo cha kliniki cha kila mwezi, pamoja na kile cha wastani wa miezi mitatu pale kinapopatikana, vinatosha kumwongoza. Hali ni tofauti kabisa kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kwa mjamzito anayetumia insulini, na kwa mzee anayemeza glibenclamide, hasa kama figo zake zimechoka. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtu ambaye mwili wake umeacha kutoa onyo. Baada ya miaka mingi ya ugonjwa, au baada ya kushuka mara kwa mara, baadhi ya watu hawatetemeki tena wala mioyo yao haiendi mbio. Huchanganyikiwa ghafla na kuanguka. Dawa za shinikizo la damu za jamii ya propranolol nazo huficha mtetemeko na mapigo ya moyo, ingawa jasho hubaki.

Kwa hiyo zahanati yenye kichupa kimoja cha vitepe haitendi haki kwa kuwagawia wote sawasawa, au kwa kuvimaliza kwa waliofika mapema siku ya kliniki. Mwenye haja kubwa atangulizwe, hata kama hilo litaleta manung'uniko kwenye foleni. Naye mgonjwa aliyebakiwa na vitepe vichache asivitumie kujiridhisha tu baada ya chakula. Aviweke kwa ajili ya asubuhi kabla ya kula, kabla ya kulala, kabla ya safari ndefu, na kwa saa ile ambayo haelewi mwili wake unamwambia nini.

Walivyoishi kabla ya mashine

Insulini ilidungwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini Toronto, Kanada, mwezi Januari 1922. Mashine ya kwanza ya kusoma kitepe cha damu ilitoka Marekani karibu na mwaka 1970, ikiwa na uzito unaozidi kilo moja, na kwa miaka mingi ilibaki mezani kwa daktari. Kwa karibu nusu karne, basi, watu walitumia insulini bila kujua sukari yao ya saa hiyo. Walichemsha mkojo pamoja na dawa ya buluu ya Benedict na kutazama rangi: ikibaki buluu hakuna sukari, ikigeuka kijani ipo kidogo, ikiwa nyekundu ya tofali ni nyingi. Lililowalinda kuliko rangi hiyo ni ratiba. Walikula saa ileile, kiasi kilekile, wakadunga dozi ileile, na kazi nzito waliipangia muda wake.

Njia hiyo isisifiwe kupita kiasi. Wengi waliishi na sukari ya juu kwa miaka ili wasianguke, na gharama yake ilikuja baadaye kwenye macho, figo na miguu. Hata hivyo, kwa siku kumi au mwezi bila mashine, ratiba ndiyo kinga bora iliyopo. Ugali wa uwele kwa mlenda ni chakula kizuri kwa mwenye kisukari, lakini kiasi chake kipimwe kwa chombo kimoja kila siku, bakuli au sahani ileile, si kwa jicho. Insulini idungwe kwa dozi ya mwisho iliyoandikwa na kliniki, bila kuongezwa. Siku ya kulima, chakula kisogezwe mbele ya jembe na si nyuma yake, na mfukoni iwemo sukari. Pombe ya kienyeji inywewayo tumbo likiwa tupu huzuia ini kutoa akiba yake ya sukari, kwa hiyo katika siku za namna hii iachwe kabisa.

Vitepe vya mkojo bado vina msaada, mradi mipaka yake ijulikane. Sukari huanza kuonekana kwenye mkojo pale ile ya damu inapopita takriban milimoli 10 kwa lita, na mkojo hueleza habari za saa zilizopita. Kitepe kisichobadilika rangi kinaweza kumaanisha sukari ya 8, ya 5 au ya 2. Hakiwezi kumwambia mtu yeyote kwamba yuko salama kulala.

Shaka itibiwe kama kushuka

Kanuni moja haina budi kujulikana na kila mtu wa nyumbani, wakiwemo watoto wakubwa: mtu anayetumia insulini au glibenclamide akitokwa jasho la baridi, akitetemeka, akiona njaa ya ghafla, akiongea ovyo au akigeuka mkali bila sababu, apewe sukari papo hapo. Hakuna haja ya kutafuta mashine ya jirani kwanza. Vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji vinatosha kuanzia, au takriban nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haifai. Baada ya dakika 15, kama bado, arudie. Akipata nafuu ale chakula cha kushiba.

Sababu ya kanuni hii ni hesabu rahisi. Kama sukari ilikuwa juu, vijiko vitatu vitaipandisha kidogo kwa saa chache. Kama ilikuwa chini na hakupewa kitu, ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. Mara nyingi mtu wa namna hii hudhaniwa amelewa, au hudhaniwa amerogwa, akaachwa alale chini ya mti hadi jioni. Harufu ya pombe mdomoni haiondoi shaka, bali huiongeza. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu na apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Kupanda kwa sukari huja polepole zaidi, na dalili zake huchelewa: kiu, mkojo mwingi, kuona ukungu, kukonda. Pakiongezeka kutapika, maumivu ya tumbo, pumzi ndefu na nzito, au harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi katika pumzi, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini hata kama hali chakula kwa sababu ya homa. Mwili wenye homa huhitaji insulini, mara nyingine zaidi ya kawaida. Metformin, kinyume chake, husimamishwa kwa muda mgonjwa anapotapika au kuharisha sana, naye amwone mhudumu.

Mashine ya kuazima

Kuazimana ni desturi njema, ila katika kisukari ina mitego miwili. Mashine nyingine husoma kwa miligramu kwa desilita badala ya milimoli kwa lita, na namba ya kwanza ni mara 18 ya namba ya pili. Aliyezoea kuona 9 akiona 162 anaweza kudhani anakufa, akajidunga uniti za ziada, na hapo ndipo akafa kweli. Aliyezoea miligramu naye akiona 9 anaweza kumeza sukari asiyoihitaji. Kipimo kinachotumika kisomwe pembeni ya kioo kabla ya kutoboa kidole. Mtego wa pili ni sindano ya kutobolea. Hiyo haiazimwi hata ndani ya familia, kwa kuwa homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI huweza kupita katika tone lisiloonekana. Vitepe navyo viwe vya mashine hiyohiyo. Vya aina nyingine, hata vikiingia, havitoi jibu la kuaminika.

Zahanati isiyo na mashine

Mhudumu aliyepokea mgonjwa asiye na fahamu au mwenye degedege, naye hana kipimo, achukulie kwamba sukari imeshuka na atibu. Mtu mzima apewe katika mshipa mililita 50 za dekstrosi ya asilimia 50, taratibu, au mililita 250 za ile ya asilimia 10. Mtoto apewe mililita 5 za dekstrosi ya asilimia 10 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto ambaye mshipa haupatikani awekewe chini ya ulimi kijiko kimoja cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa maji kidogo, akiwa amelazwa ubavu, huku usafiri ukitafutwa. Hili haliwahusu wenye kisukari tu. Malaria kali hushusha sukari ya mtoto ambaye hajawahi kusikia jina la insulini. Aliyeangushwa na glibenclamide asirudishwe nyumbani kwa kuwa ameamka na anaongea. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, na sukari huweza kushuka tena usiku. Aangaliwe kwa siku nzima au apewe rufaa.

Siku za kliniki, kabla ya mvua, mhudumu amwandikie kila mgonjwa wa insulini ukurasa mmoja ndani ya daftari lake: dozi atakayotumia akikosa mashine, nani amwone, na dalili zipi zimlete mara moja. Kwa baadhi ya wazee dozi hiyo itakuwa ndogo kidogo kuliko ya kawaida, na lengo la sukari litalegezwa kwa makusudi. Uamuzi huo ni wa daktari na ufanywe mapema, si wa mgonjwa peke yake saa tatu usiku.

Vitepe vikipatikana tena, kipimo cha kwanza mara nyingi huwa juu. Dozi isibadilishwe kwa namba hiyo moja. Mgonjwa apime asubuhi na usiku kwa siku tatu, aandike pembeni alichokula na kazi aliyofanya, kisha apeleke daftari zahanati.